Fundi anataka soketi zote za nyumba ziwe kwenye breka moja. Nikubali?

#1 BomaLaKivule

Wakuu, habari za leo. Nina boma langu Kivule: vyumba vitatu vya kulala, kimoja masta, sebule, sehemu ya kulia, jiko na choo cha wote. Bati liko juu tangu mwezi wa tano, plasta bado. Jumamosi hii fundi umeme anaanza kutindua kuta aingize mapaipu, na kuna jambo linaninyima usingizi.

Orodha ya vifaa aliyonipa ina breka nne tu. Moja ya taa, moja ya hita ya bafuni, moja ya AC na moja ya soketi. Yaani soketi za nyumba nzima, kumi na sita, zote kwenye breka moja ya 32A (ampea 32) kwa waya wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5. Nilipomuuliza akanijibu, "Bosi, nyumba zote za huku nimefunga hivi na zinawaka."

Sina shida na kuwaka. Nilipokuwa nimepanga Tabata, usiku mmoja tulisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikazima meini, nikaenda jikoni na tochi. Plagi ya jagi la umeme ilikuwa imeng'ang'ania kwenye soketi, haichomoki. Nilipofungua kava, ganda la waya mwekundu lilikuwa limelainika kama ubani uliotafunwa, na shaba yake nyeusi kama kioo cha chemli. Breka haikukata kabisa. Ingekuwa tumelala sote, sijui leo ningekuwa naandika nini hapa. Watoto walikuwa chumba kinachofuata.

Vitu nitakavyotumia hivi, nimesoma wati zake kwenye vibandiko nyuma:

Taa za LED 22 za wati 9. Feni 4 za wati 75. TV na king'amuzi 200. Friji 150. Jagi 2,200. Maikroweivu 1,200. Jiko la presha la umeme 1,000. Jiko la plati mbili 2,500. Pasi 2,000. Mashine ya kufulia 2,000. Shawa ya maji moto 5,500. AC ya BTU 12,000, wati 1,200. Pampu ya kisima hp 1, nimeambiwa inavuta kama 1,100.

Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi. Ukuta ukishapigwa plasta nitakuwa nimechelewa.

#2 Nyota ya Ukerewe

Naweka kambi hapa. Mimi napaua mwezi ujao na hili sikuwa nimeliwaza kabisa.

#3 Kitonga2

Mkuu usiumize kichwa. Weka hiyo 32A, ikianza kukatakata badilisha weka 40A, haitakusumbua tena. Kwangu nimeweka 40 mwaka wa nne huu, shwari.

#4 Rodi ya Shaba

Kitonga2, ndugu yangu, naomba leo hii hii ukaangalie bodi yako ya breka. Nasema kwa nia njema. Nimefunga umeme majumbani miaka kumi na saba na moto niliouona ulianza kwa maneno hayo hayo, "weka kubwa haitakata".

Breka hailindi friji wala TV. Inalinda waya uliofukiwa ukutani, ule ambao hutauona tena. Waya wa shaba wa 2.5 ukiwa ndani ya paipu ukutani unahimili kama 24A, tena hali ikiwa nzuri. Ukiweka breka ya 32A juu yake umemwajiri mlinzi anayeamka wezi wakishaondoka. Na breka haikati palepale namba ikifika. Zilivyotengenezwa, breka ya 32A inaweza kupitisha 36A kwa zaidi ya saa nzima bila kukata. Waya wa 24, mzigo wa 36, saa nzima. Huo waya unapikwa. Breka ya 40 kwenye waya huo sitaki hata kuipigia hesabu.

BomaLaKivule, fundi wako kaanzia dukani: breka kadhaa, roli kadhaa, basi. Anza na vitu vyako. Wati gawa kwa 230 upate ampea. Jagi 2,200 ni 9.6A. Plati mbili 2,500 ni 10.9A. Maikroweivu 5.2A. Mama akiwasha vitatu hivyo asubuhi, na friji iko kwenye mstari uleule, jikoni peke yake ni 26A. Hapo pasi haijaguswa chumbani wala mashine ya kufulia. Weka na hizo, unavuka 43A kwenye breka moja na waya mmoja.

Ile soketi ya Tabata ilikuwa na ugonjwa mwingine. Skrubu ililegea. Pale inaposhika waya panapolegea panakuwa na ukinzani, yaani umeme unapita kwa shida, na ukinzani ni joto. Hata nusu omu tu (omu ni kipimo cha ukinzani), ikipitishwa 13A, inatoa wati 84. Ni sawa na kufungia balbu ya kizamani ndani ya kiboksi cha soketi. Breka haiwezi kujua kwa sababu mzigo wenyewe ni wa kawaida. Dawa yake ni fundi kukaza skrubu kwa mkono wake na wewe kuvuta kila waya uone kama unacheza, kabla kava halijafungwa.

#5 BomaLaKivule

Asante sana mkuu. Nimejumlisha vyote nimepata wati 19,548, kama 85A. Nimeogopa zaidi. Ina maana niombe umeme wa njia tatu (fezi tatu) TANESCO?

#6 Rodi ya Shaba

Hapana. Jumla ya vyote si mzigo wako, kwa sababu huwashi vyote kwa wakati mmoja. Kaa chini na mwenza wako mtafute saa mbaya kuliko zote kwenye siku yenu. Kwa familia nyingi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi: mmoja yuko shawa (5,500), jagi liko motoni (2,200), mwingine anapiga pasi sare za shule (2,000), pampu inajaza tenki (1,100), friji na taa chache (350). Hiyo ni 11,150, kama 48A. Umeme wa njia moja (fezi moja) unakutosha, meini swichi ya 63A, waya wa kutoka mita hadi kwenye bodi wa 16. Njia tatu utaiwaza ukifungua karakana ya kuchomelea au ukitaka AC kila chumba pamoja na jiko kubwa la oveni.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu. Hapa nikisema njia namaanisha mstari wa waya wenye breka yake kwenye bodi.

Taa njia mbili, 6A kila moja, waya wa 1.5. Taa zako na feni zote pamoja hazifiki 2.5A, ila ukiwa na njia mbili moja ikileta hitilafu hamkai gizani nyumba nzima. Zigawe kwa namna ambayo korido na sebule haziko pamoja.

Soketi za sebule na sehemu ya kulia njia moja, 16A. Soketi za vyumba njia moja, 16A. Waya wa 2.5 zote mbili.

Jikoni njia mbili, kila moja 20A, waya wa 4. Jagi na maikroweivu upande mmoja, jiko la plati na la presha upande wa pili.

Friji njia yake, 16A. Mashine ya kufulia njia yake, 16A. Shawa njia yake, 25A, waya wa 6. AC njia yake, 16A. Pampu njia yake, 16A.

Hizo ni kumi na moja. Nunua bodi ya njia kumi na sita. Nafasi tano za ziada leo ni bei ndogo, kubomoa ukuta baadaye kuongeza bodi ya pili ni bei nyingine.

#7 Mzee wa Chumbageni

Vijana, amani iwe kwenu. Mmemhukumu fundi wa watu upesi mno. Breka ya 32A na waya wa 2.5 si uzushi, ni ringi. Tulifundishwa hivyo na nimefunga hivyo Tanga nzima. Waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote, halafu unarudi kwenye breka ileile. Kila soketi inalishwa kutoka pande mbili, mzigo unagawanyika. Hadi mita za mraba 100 za sakafu ringi moja inatosha.

#8 Rodi ya Shaba

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli tupu, na nimefurahi umelileta.

Wasiojua: ringi tumeirithi kwa Waingereza, pamoja na soketi zetu za matundu matatu ya mstatili. Baada ya vita kuu ya pili walikuwa na nyumba nyingi za kujenga na shaba ilikuwa haba, wakabuni njia ya kulisha soketi nyingi kwa waya mwembamba unaozunguka. Ndiyo maana plagi yetu ina fyuzi yake ndani, 13A au 3A: breka ya 32A haiwezi kulinda waya mwembamba wa taa ya mezani, fyuzi ya plagi ndiyo inayoulinda. Vitu viwili hivyo vilizaliwa pamoja.

Shida yangu, mzee, si ringi. Ni kwamba mafundi wengi wa sasa wamerithi breka ya 32A wakaacha ule waya wa kurudi. Wanaenda soketi ya mwisho wanaishia hapo. Hiyo si ringi, ni mkia. BomaLaKivule, muulize fundi wako swali moja: "Waya unarudi?" Nina wasiwasi na jibu.

Hata ringi halisi ina ugonjwa wake wa kimyakimya. Siku waya ukikatika au skrubu ikiachia katikati, soketi zote zinaendelea kuwaka, hakuna anayejua, ila sasa upande mmoja unabeba mzigo wote. Ndiyo maana ringi lazima ipimwe kwa mita ya kupimia umeme kutoka ncha hadi ncha, laivu (waya unaoleta umeme), nyutro (unaourudisha) na erthi (unaokwenda ardhini), kabla ya kuwashwa. Asiyepima asifunge ringi.

Na fyuzi ya plagi inafanya kazi pale tu plagi yenyewe inapotumika. Hii tabia ya kuchomeka plagi ya miguu miwili kwa kuingiza kijiti cha kiberiti kwenye tundu la erthi ili kufungua yale matundu mengine, jamani, tuiache. Umeruka fyuzi na umeruka erthi kwa mkupuo mmoja.

#9 Mzee wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kupima tuko pamoja. Mimi sijawahi kuiwasha ringi bila mita, na kijana wangu yeyote aliyefanya hivyo nilimrudisha akaifungue yote.

#10 Mama Tunu

Naomba niseme la jikoni maana nyie mnahesabu waya, mimi ndiye ninayesimama pale. Kaka BomaLaKivule, mpeleke mkeo site kabla ya Jumamosi. Asimame kwenye boma la jiko, aonyeshe kwa mkono: jagi litakaa hapa, jiko hapa, sinki hapa, friji hapa. Mchore kwa chaki ukutani.

Mimi nilijengewa, jiko zima likawekwa soketi mbili, zote karibu na mlango kwa sababu fundi alitaka waya mfupi. Miaka sita nimeishi na ekstensheni inayopita juu ya sinki. Mkono una maji, waya uko usoni. Nimewahi kupigwa shoti mara mbili, ya pili nilimwaga uji wa moto miguuni kwa mtoto. Kovu analo hadi leo. Sitaki mwanamke mwingine apitie hilo kwa sababu ya mita tatu za waya.

Soketi za jikoni ziwe juu ya meza ya kupikia, za kuchomeka mbilimbili, nne kwa uchache, na isiwepo juu ya sinki wala juu ya jiko lenyewe. Sasa hivi tunahimizwa kuacha mkaa, lengo la taifa ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sasa tutapikia wapi kama jiko lina soketi mbili?

#11 Rodi ya Shaba

Mama Tunu, pole sana dada yangu. Ulichoandika hapo kimezidi post zangu zote. Umuhimu wa kuchora kwa chaki kabla ya kutindua siwezi kuusema vizuri kuliko wewe.

#12 Mtu wa Kisauni

Habari za Bongo. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi za stima Nairobi. Huku shawa za papo kwa papo ziko karibu kila nyumba ya kupanga, na nyingi nilizoitiwa zimeungua zilikuwa zimefungwa na waya wa 2.5. Shawa ya 5,500 inavuta 24A dakika zote unazooga. Huo si mzigo wa kuja na kuondoka kama jagi. Swichi yake iwe ile kubwa ya kukata laivu na nyutro pamoja, ikae nje ya mlango wa bafu. Chuma cha shawa na mabomba yaungwe na erthi. Na bafuni hakuna soketi, hata mpangaji akililia ya kunyolea.

Halafu kwa mlioko pwani, chumvi ya bahari inakula skrubu za soketi za nje na za veranda. Kwetu Kisauni soketi ya nje ya kawaida haimalizi miaka miwili kabla ya kuota kutu ya kijani. Nunua ya kuzuia maji yenye mfuniko, hata kama fundi anasema ukuta una kivuli.

#13 Nyota ya Ukerewe

Rodi ya Shaba, kuna jambo sijaelewa. Umesema waya wa 2.5 unabeba 24A. Kwa nini basi soketi za vyumba umeweka breka ya 16 na jikoni umeweka waya wa 4 kwa breka ya 20? Huoni unapoteza shaba?

#14 Rodi ya Shaba

Swali zuri sana hili, na nimelisubiri.

Ile 24A ni ya waya ulioko kwenye joto la nyuzi 30, ukiwa peke yake na nyutro yake kwenye paipu. Sasa panda dari ya nyumba ya Dar saa nane mchana, mwezi wa pili, uguse paipu zilizolala juu ya dari chini ya bati. Mimi nimepanda mara nyingi, hukai dakika kumi. Nyuzi 50 si ajabu. Waya wa ganda la kawaida kwenye nyuzi 50 unapoteza karibu theluthi: unazidisha kwa 0.71. Ile 24 inakuwa 17. Ndiyo maana nikaweka 16.

Kuna la pili. Fundi akitaka kuokoa paipu anapitisha njia tatu kwenye paipu moja. Nyaya zinapashana joto zenyewe kwa zenyewe, unazidisha tena kwa 0.7. Sasa uko kwenye 12A. Waya uleule, duka lilelile, kutoka 24 hadi 12, bila mtu kufanya kosa lolote linaloonekana kwa macho. Kwenye dari, mapaipu yenye mzigo mzito yawe na njia mojamoja. Waya wa 4 unaanza na 32A, chini ya bati unabaki 22 na kitu, breka ya 20 inaketi vizuri. Wa 6 unaanza na 41, unabaki 29, breka ya 25 ya shawa inaketi.

Kama njia inaweza kushushwa ipite ukutani au chini kabla ya zege la sakafu, jikoni unaweza kurudi kwenye 2.5. Pima nyumba yako mwenyewe, usinakili ya jirani.

Pampu nayo iangaliwe kwa umbali. Kisima kikiwa mita 40 kutoka kwenye bodi, waya wa 2.5 unapoteza volti 3.6 tu pampu ikiwa inazunguka. Lakini wakati wa kuanza pampu inavuta mara tano au zaidi, na hapo unapoteza volti 18. Jioni umeme ukiwa mdogo, umefika kwako 200, pampu inapata 182, inaunguruma bila kuzunguka mpaka inaungua. Waya wa 4 unapunguza upotevu huo hadi 11. Mafundi pampu wanalaumiwa bure mara nyingi.

#15 Kitonga2

Nimerudi. Nilifungua bodi jana jioni baada ya kuzima meini. Waya wa 2.5 kweli, na ule wa laivu pale unapoingia kwenye breka ya 40 ganda limebadilika rangi kutoka nyekundu kuwa kama kahawa, kipande cha urefu wa kidole. Mke wangu aliponiuliza nilichokiona sikumficha. Nimeshaweka ya 20 na tumekubaliana pasi na jagi visiwake pamoja mpaka nivute njia ya pili ya jikoni. Post yangu ya juu naomba msiifuate.

#16 Nyota ya Ukerewe

Heshima kwako Kitonga2. Naomba na somo la erthi. Nyumba ya baba yangu ina rodi nje, lakini friji inatekenya ukiigusa peku.

#17 Rodi ya Shaba

Mzuieni yeyote asiguse hilo friji, lichomoeni leo, kisha endeleeni kusoma.

Nyumba nyingi kwetu zinategemea rodi iliyogongelewa ardhini nje ya ukuta. Umeme ukivuja kwenye chuma cha nje cha friji, unatakiwa kukimbilia ardhini kupitia rodi hiyo. Tuseme rodi yako ina ukinzani wa omu 20, ambao si mbaya hata kidogo kwenye ardhi kavu. 230 gawa kwa 20 ni 11.5A. Breka yako ni ya 16 au 20. Haikati! Itakaa hivyo siku nzima, friji lina umeme, na anayeligusa akiwa peku kwenye sakafu yenye maji ndiye anakuwa njia ya kwenda ardhini.

Kwa hiyo kwenye nyumba ya rodi, breka za kawaida pekee hazitoshi. Lazima iwepo RCD, kile kifaa kinacholinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, kinakata ndani ya chini ya theluthi moja ya sekunde. Kwa BomaLaKivule weka mbili, njia zigawanywe, ili hitilafu ya mashine ya kufulia isizime friji mkiwa safarini.

Tahadhari moja. RCD ikifungwa na ikawa inakata ovyo, fundi asiyejua atakwambia ni mbovu na ataitoa. Mara nyingi kachanganya nyutro: laivu ya njia hii inarudi kwa nyutro ya njia ile. RCD iko sahihi, inamwambia amekosea. Usikubali itolewe. Atafute nyutro.

#18 BomaLaKivule

Wakuu, nimerejea na mrejesho. Jumamosi nilifika site saa moja asubuhi nikiwa na mke wangu na chaki. Fundi alipoona kuta zimechorwa alinuna kidogo. Nilimuuliza kwa upole, "Fundi, ule waya wa soketi unarudi kwenye breka?" Akanyamaza, akasema huwa haurudi. Nikamwonyesha hesabu ya jikoni kwenye karatasi, tukaketi juu ya matofali tukapiga pamoja. Aliishika haraka kuliko mimi. Akaniambia hakuna mteja aliyewahi kumpa orodha ya vitu vyake, wote wanamuuliza bei ya "kufunga chumba na sebule" basi, na akiandika vifaa vingi wanakwenda kwa fundi wa bei ndogo.

Nimeongeza pesa ya vifaa na ya kazi yake. Soketi za jikoni sasa ni tano za mbilimbili. Mke wangu kaongeza moja ambayo sisi wote hatukuiwaza, koridoni karibu na mlango wa chumba cha watoto, ya kupigia pasi amesimama huku anawaona.

Kabla ya waya kununuliwa, kuna la kuangalia?

#19 Rodi ya Shaba

Hongera, na mpe fundi wako salamu zangu. Alichosema kuhusu wateja ni kweli inayouma.

Waya: dukani omba kipande, kwangua kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukikwangua ukakuta weupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wa alumini ni kama mara moja na nusu ya shaba, hesabu zetu zote hapo juu zinavunjika. Rudisha, hata kama bei imekupendeza.

Rangi: bado kuna madukani nyekundu na nyeusi za zamani, na kahawia na bluu za mfumo mpya. Chagua mfumo mmoja nyumba nzima. Nyeusi kwenye mfumo wa zamani ni nyutro, kwenye mpya inaweza kuwa fezi, yaani laivu. Ukichanganya unamtegea fundi wa miaka kumi ijayo. Njano yenye mstari wa kijani ni ya erthi tu, haibebi kitu kingine.

Maungio yote yawe kwenye viboksi vinavyofunguka, yasifichwe kwenye plasta. Na mapaipu yakishalazwa, kabla ya plasta, piga picha kila ukuta ukiwa umenyoosha futi ya kupimia ionekane kwenye picha. Siku unataka kutundika kabati la jikoni utajua msumari usipite wapi.

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, au asimamiwe na mwenye nayo.

#20 BomaLaKivule

Wiki ya tatu leo. Nyaya zimevutwa, picha nimepiga kuta zote, arobaini na moja, nimezituma pia kwenye simu ya mke wangu. Waya wa kwanza tulioukuta dukani ulikuwa mweupe ndani, tuliuacha hapohapo juu ya kaunta.

Leo fundi aliazima mita kwa mwenzake tukapima. Rodi ilisoma omu 38. Tukaongeza rodi ya pili mita tatu kutoka ya kwanza, tukaziunga, ikashuka hadi 21. Tukiwashiwa umeme tutabonyeza kitufe cha majaribio cha RCD zote mbili kabla hatujachomeka chochote.

Ndani ya mlango wa bodi tumebandika karatasi ya njia zote kumi na moja kwa mwandiko wa binti yangu wa darasa la tano: "Jiko kushoto", "Jiko kulia", "Friji peke yake". Fundi aliipiga picha. Amesema Jumatatu anaanza nyumba Chanika na kesho anapita kwa mwenye nyumba kumwomba orodha ya vitu vyake.